Propela ya Kumi na Tatu

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka tisini na tano, saa moja na robo asubuhi, Mihayo alivuta kamba ya injini mara mbili, ikawaka, akaielekeza boti Lamadi. Ndani ya boti kulikuwa na sangara kilo mia nane, wamefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Mbele ya samaki, kwenye godoro la sufi, alilala mkewe Milembe, mimba ya miezi mitano, tumbo likimkata tangu jana yake mchana. Pembeni yake alikaa Kija, mdogo wake wa tumbo moja, ameshika ndoo ya kukomba maji.

Kila Jumanne, saa sita mchana, gari la zahanati lilikuwa linaondoka Lamadi kwenda hospitali ya Somanda kuchukua dawa, na mgonjwa mzito alipewa nafasi. Hilo wavuvi wote wa kambini walilijua. Boti za wenzake zilitumia saa mbili na nusu kutoka kambini mpaka Lamadi zikiwa na mzigo. Mihayo alipiga hesabu akiwa bado ufukweni: watafika kabla ya saa nne. Ndiyo maana Kija alipomuuliza, "Shemeji, hawa samaki si tuwaache?" alimjibu bila kugeuka, "Muda upo. Lori la kiwanda ni leo, na ndani ya boti nafasi ipo."

Boti ilisogea kama ng'ombe aliyezama tope. Mihayo akasokota mkono wa injini mpaka mwisho. Injini badala ya kupandisha sauti ikashusha, ikawa inanguruma kwa chini chini na kutoa moshi mweusi. Injini hiyo walikuwa nayo wiki mbili tu. Wiki hizo samaki walikuwa haba, wakabeba kilo mia, mia na hamsini, na boti ikakimbia mpaka wenzao wakaanza kumwita Mihayo dereva wa ndege. Sasa ndege haikupaa. Baada ya nusu saa ikatoka kwenye kifuniko harufu ya kuungua. Baada ya dakika chache nyingine, injini ikakata, na kamba ikawa haivutiki tena.

Walipiga makasia. Wanaume wawili, boti ya mbao ya futi thelathini, kilo mia nane. Saa tano Kija akaanza kutupa samaki majini bila kuomba ruhusa, na Mihayo hakumzuia. Walifika Lamadi saa kumi jioni. Gari la zahanati lilikuwa limeshaenda na kurudi tupu. Wakapata pikapu ya mfanyabiashara wa mchele. Milembe alikata roho Dutwa, katikati ya njia, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Kija, kwa sababu Mihayo alikuwa amekaa mbele na dereva akimhimiza aongeze mwendo.

*

Mihayo hakuzaliwa mtu wa maji. Kwao ni Shishiyu, Maswa, na hadi alipofikisha miaka thelathini na minane alikuwa hajui kuogelea. Alikuwa mtu wa pamba na plau. Lakini pamba ilikufa mikononi mwa wenye pamba. Chama cha ushirika kilichukua mzigo wa wakulima msimu mmoja, kikawapa karatasi, na karatasi hizo zikalala mpaka panya wakazigawana. Kisha wakubwa wakatangaza redioni kuwa sasa biashara ni huria, kila mtu auze anapotaka. Wanunuzi wapya wakaja na mizani yao na bei yao. Mihayo alikuwa na darasa la nne, lakini hilo alilielewa bila mwalimu: wale wale waliokula ushirika ndio waliorudi na mashati mapya kununua pamba kwa jina la kampuni.

Ndipo ukaja mradi. Ofisi ilikuwa Bariadi mjini, na afisa wake aliitwa Sylvester, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Mradi ulisema unawasaidia wakulima waliokwama na pamba waingie kwenye samaki, maana viwanda vya Mwanza vilikuwa vinataka sangara wengi kuliko vilivyopata. Mihayo akauza ng'ombe wake wa plau, wote wanne, akachangia boti, mradi ukatoa injini ya nguvu za farasi ishirini na tano. Akahamia kambini yeye, mke, na shemeji. Binti yao mmoja, Nyanjige, mwenye miaka sita, walimwacha Shishiyu kwa bibi yake mzaa mama ili aanze shule, wakakubaliana atakuja ziwani kila likizo na kuhamia kabisa mambo yakinyooka.

Baada ya mazishi, likizo ya Pasaka ilipofika, Mihayo alikwenda kumchukua mtoto. Hakumpata.

Mama mkwe wake, Apolonia, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama, hakuwa mtu wa kelele. Kwa heshima ya ukwe hawakuwahi kukaa mkeka mmoja wala kutazamana usoni miaka yote kumi. Alizungumza akiwa nyuma ya ukuta wa matete wa jiko, na Kija akakaa katikati kama daraja, ingawa kila neno lilisikika.

"Kija, mwambie mkwe," ilisema sauti kutoka jikoni, "mtoto hatapanda boti ya mtu aliyetanguliza samaki mbele ya mama yake."

"Mayu anasema..."

"Nimesikia," Mihayo akasema. "Mwambie mayu, samaki hawakumuua Milembe. Propela ndiyo imemuua. Ofisi walinipa propela mbovu."

Jikoni mwiko ukagonga chungu.

"Muulize, propela ni kitu gani."

Kija akaeleza kuwa ni lile dude la chuma chini ya injini, lenye mapanga matatu, linalozunguka na kusukuma maji. Wajomba waliokuwa wamekaa nje walitaka shauri lipelekwe kwa mfumu, mganga wa Malampaka, atazame kuku, aseme kifo kimetoka wapi. Apolonia alikuwa mtu wa kanisa, akakataa. Mihayo naye akakataa, kwa sababu yake mwenyewe.

"Kuku hajui injini," alisema. "Nipeni miezi mitatu. Nitafunga propela inayotakiwa, nitapakia mzigo ule ule, nitapita njia ile ile, na Kija atashika saa. Boti ikifika kabla ya saa sita mchana, basi mjue ni ofisi. Nami nichukue mwanangu."

"Na isipofika?" mjomba mmoja akauliza.

"Isipofika abaki."

Jikoni mwiko ukasimama. "Mwambie nimekubali," ilisema sauti. "Kija ashike saa. Kija hajawahi kunidanganya."

*

Kabla ya kununua chochote, Mihayo alipanda lori la chumvi akaenda Bariadi kumwona Sylvester. Alitaka yule kijana aseme kwa kinywa chake, mbele ya shahidi. Alikuta nyumba ya mradi imepakwa rangi mpya, na pale lilipokuwa bohari pamejaa marobota ya pamba ya mnunuzi binafsi. Mlinzi hakumjua Sylvester. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga langoni alimjua.

"Mradi uliisha mwezi wa nne," alisema. "Wazungu walimaliza pesa yao. Sylvester kapata kazi Shinyanga, au Dodoma, mahali. Alikuwa mtu mzuri, akinunua karanga hakuomba nyongeza."

"Na mafaili?"

"Mafaili nilifungia karanga mpaka yakaisha."

Mihayo alirudi Lamadi na karanga, kwenye karatasi yenye mhuri.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa Rehana, ambaye wavuvi walimwita Mama Imrani. Duka lake la vipuri lilikuwa kando ya barabara kuu, kati ya gereji na hoteli ya chai. Mumewe alilianzisha, akafa, akamwachia. Mwanzoni wanaume waliingia, wakamwona mwanamke wa ushungi nyuma ya kaunta, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye alikuwa akiwajibu, "Fundi kafa, mimi ndiye mkewe. Unataka nini?" Sasa hawakuuliza tena.

"Mwadila, Mama Imrani."

"Mwadila, baba Nyanjige. Pole na msiba. Injini imepona?"

"Fundi amebadilisha pistoni na ringi. Inaunguruma vizuri. Nataka propela." Akaweka kwenye kaunta propela ya zamani, aliyokuwa ameifunga kwenye gunia. "Hii ni mbovu. Ofisi walinipa mbovu."

Rehana akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye kingo za mapanga, moja baada ya jingine, akaisimamisha juu ya meza akaizungusha aone kama inayumba. Akachungulia meno ya ndani, yale yanayoshika kwenye shafti.

"Haina ubovu," alisema. "Haijapinda, haijamegeka. Propela nzima kabisa. Bora kuliko nusu ya nilizonazo humu."

"Imeua mtu."

Rehana hakubishana na hilo. Akamwelekeza Kija aliyekuwa amesimama mlangoni asogee, asizibe mwanga, kisha akaonyesha namba zilizogongwa kwenye kitovu cha ile propela.

"Kuna namba mbili. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili hapa, kumi na tatu, ni hatua yake. Chukua skrubu, izungushe mara moja kwenye ubao. Itazama kiasi gani? Hii ukiizungusha mara moja inataka kusonga mbele inchi kumi na tatu. Inakula maji mengi kwa mkupuo. Boti ikiwa nyepesi, inaruka. Ukipakia, injini haina ubavu wa kuzungusha. Inabanwa, inachemka, inakufa. Wewe unabeba nini?"

"Samaki."

"Kilo?"

Mihayo akasita. "Inategemea."

"Mia nane," alisema Kija.

Rehana akatoa chini ya kaunta propela nyingine tatu, akazipanga. Moja ilikuwa imebabuka rangi, ya kumi na moja. Nyingine ya tisa, mpya, bado ina mafuta ya kiwandani. Ya mwisho ilikuwa ya saba.

"Ya saba ni ya kuvuta majahazi ya mchanga. Ukiifunga wewe, siku usiyo na mzigo injini itapiga kelele kama mbuzi anayechinjwa, na hiyo nayo huua injini. Kumi na moja ni ya mtu wa kilo mia tatu, mia nne. Kwa mia nane, boti ya mbao, farasi ishirini na tano, chukua tisa. Hutakuwa dereva wa ndege tena. Lakini utafika."

Mihayo alichukua ya tisa mkono mmoja na ya kumi na tatu mkono mwingine. Ya tisa mapanga yake yalilala. Ya kumi na tatu yalisimama, makali, kama jembe la plau lililonyanyuka kisigino tayari kuingia ardhini. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Plau," alisema, kama anajisemea. "Ukipandisha gurudumu, jembe linazama sana, ng'ombe wawili wanapiga magoti. Unashusha kidogo."

"Sijui plau," alisema Rehana, "ila nadhani ndiyo hivyo hivyo. Wewe ni mtu wa saba kuniletea kumi na tatu ya mradi ule. Wote watu wa pamba. Wa Maswa, wa Bariadi, mmoja wa Meatu. Wavuvi wa hapa hawana hii. Nikawa najiuliza. Hivi, walikupa au ulichagua?"

Nje lori la ng'ombe likapita likipiga honi. Kija akamgeukia shemeji yake.

"Walinipa," alisema Mihayo.

"Kwa sababu yule mtu wa Meatu alisema zilikuwepo aina mbili mezani."

Mihayo akairudisha ya kumi na tatu kwenye gunia, taratibu. Ni kweli zilikuwepo mbili. Sylvester alikuwa ameinama kwenye daftari lake, akasema, "Chagua mzee, zote zinaingia kwenye shafti." Mihayo akazipima kwa kidole gumba, kama alivyopima majembe ya plau dukani tangu utoto, kama baba yake alivyopima. Lililolala ni la mtu mvivu, linakwangua majani juu juu. Lililosimama ndilo linalolima. Akachukua lililosimama. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mtu wa Meatu, naye akanyoosha mkono upande ule ule. Sylvester akaandika namba, akasema, "Saini hapa." Mihayo akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na alitoka bohari akiwa na furaha, maana alikuwa amewahi nzuri.

"Yule kijana alijua," alisema mwishowe. "Alisomea. Aliona watu saba wa jembe wanachukua kitu kile kile na hakuinua kichwa. Mtu akikuona unatumbukia kisimani akanyamaza, si amekusukuma?"

"Mimi nauza propela," alisema Rehana. "Hilo waulize wenye mahakama. Utachukua na pini ya akiba?"

"Nitachukua."

Walipotoka, Kija alibeba gunia hadi ufukweni. Alipofika kwenye boti ndipo akatua mzigo.

"Shemeji, kwa nini ulisema walikupa?"

"Wewe ungesema nini?"

Kija akapangusa mikono kwenye kaptura. "Sijui. Mimi saa tu nitashika."

*

Jumanne ya mwisho ya mwezi Juni, kambini, walipakia. Mihayo alitaka kila kitu kiwe vile vile, na hakutaka mtu aje baadaye kusema alipunguza. Sangara walipimwa kwenye mzani wa kamba mbele ya watu wa kambi, kilo mia nane kamili, magunia mabichi juu yao. Palibaki nafasi ya mbele.

"Dada alikuwa na kilo ngapi?" Kija akauliza.

"Kadi ya kliniki iliandikwa hamsini na nane."

Wakajaza gunia mchanga, wakalining'iniza kwenye ndoano ya mzani, wakaongeza viganja viwili, wakatoa kimoja. Mihayo akalibeba mwenyewe, akalilaza mahali lilipokuwa godoro. Watu wa kambi waliokuwa wakicheka kuhusu mchanga unaokwenda kuuzwa Mwanza wakaacha kucheka.

Saa moja na robo akavuta kamba.

Propela ya tisa haikuruka. Boti ilitoka ufukweni kwa mwendo wa mzee anayekwenda sokoni, injini ikapandisha sauti yake, ikafika juu, ikatulia pale. Moshi ulikuwa mwembamba. Mihayo aliweka kiganja kwenye kifuniko kila mara. Kulikuwa na joto la kawaida, na maji ya kupooza yalitoka kwenye tundu lake bila kukatika. Walipita mahali injini ilipokatikia siku ile. Hakukuwa na alama yoyote, maji ni maji, lakini wote wawili walipajua, na Kija akaangalia saa wakati hapakuwa na haja.

Walifika Lamadi saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Gari la zahanati lilikuwa limeegeshwa, dereva wake anakula chapati. Mihayo akazima injini, akakaa. Hakujua afanye nini na mikono yake. Kwa miezi mitatu alikuwa amejipanga kwa siku hii, akajiona akimgeukia Kija na kumwambia, Umeona. Umeona wakubwa walivyotufanya. Sasa maneno yalikuwa yamefika mdomoni, yakakosa nguvu.

"Umeona," alisema.

"Nimeona." Kija akaandika saa kwenye kiganja chake kwa kalamu. "Saa mbili na dakika ishirini na saba. Mayu nitamwambia hivyo."

Wakauza samaki kwa mtu wa lori, wakanywa chai. Kija hakumaliza ya kwake. Alikuwa anatazama boti.

"Una ile ya kumi na tatu?"

"Imo kwenye gunia."

"Kesho tuifunge. Tupakie mchanga wa dada peke yake."

Mihayo akaelewa mara moja, na ndiyo sababu akasema, "Kwa nini? Hatukukubaliana hivyo."

"Hatukukubaliana. Ila mimi ndiye niliyemshika Dutwa. Nataka kujua."

"Mafuta ni gharama."

"Nitalipa mafuta mimi."

Angeweza kukataa. Sharti lilikuwa moja, limetimia, mbele ya mashahidi, na mtoto alikuwa wake. Akakaa na kile kikombe mpaka chai ikapoa.

"Sawa," alisema.

Kesho yake walirudi kambini, wakafungua ya tisa, wakafunga ya kumi na tatu. Ndani ya boti waliingia wao wawili na gunia la mchanga. Alhamisi saa moja na robo, kama juzi, kamba ikavutwa, boti ikanyanyua pua na kukimbia. Ilikuwa kweli ndege. Maji yalipasuka pande mbili, ndege weupe wakaruka, na Kija alilazimika kulishika gunia lisidundedunde. Alilishika kwa mikono miwili, njia nzima.

Saa mbili na dakika thelathini na tano walikuwa Lamadi. Maduka yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa.

Propela ile ile ya ofisi. Bila samaki ingemfikisha Milembe saa nzima na zaidi kabla ya ile nzuri yenye samaki. Kija aliandika na hiyo kwenye kiganja, chini ya ile ya kwanza, akafunga kalamu.

"Nitamwambia mayu ya Jumanne tu," alisema. "Ndiyo tuliyokubaliana."

Mihayo aliinama nyuma ya injini. Alikuwa anafungua nati ya propela, na nati haikuwa imekaza hata kidogo, lakini alichukua muda.

*

Walifika Shishiyu Jumamosi. Lilikuwa lile joto kavu la mwezi wa saba, mashina ya pamba yameng'olewa na kurundikwa shambani yakisubiri moto, kama serikali inavyoamuru, na mwaka ule wa uchaguzi kulikuwa na picha za wagombea kwenye kila mlango wa duka. Nyanjige alikuwa uani akitwanga kwenye kinu kidogo alichotengenezewa na mjomba wake. Alimkimbilia baba yake, akaning'inia kwenye mkono, akauliza kama boti imepona. Mihayo akasema imepona. Akauliza kama yeye atakaa mbele. Mihayo akamwambia aende amalizie kutwanga.

Walikaa kama mara ile. Wajomba kwenye viti, Mihayo kwenye kigoda karibu na mlango wa boma, Kija katikati, sauti nyuma ya matete.

Kija akasema ya Jumanne. Akataja kilo, akataja gunia la mchanga na jinsi walivyolipima, akataja saa. Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema basi shauri limekwisha, ofisi zimetumaliza, tangu pamba mpaka samaki ni watu wale wale. Mwingine akasema mtoto afungiwe nguo zake. Mihayo alisikia kinu uani kikienda, tu, tu, tu, mpigo mwepesi wa mtoto.

"Kuna ya pili," alisema.

Kija akamtazama haraka.

"Kuna ya pili, mayu," Mihayo akaendelea, na kwa mara ya kwanza maishani alizungumza na ule ukuta bila kupitia kwa mtu. "Tulifunga ile ya ofisi. Tukaacha samaki. Tukafika saa mbili na dakika thelathini na tano. Na hawakunipa. Zilikuwa mbili, nikachagua. Yule afisa alijua na hakuniambia, hilo sitaliacha mpaka nife, aliona na akanyamaza. Lakini mkono uliochukua ni wangu."

Mjomba mmoja alianza kusema kitu kuhusu mapatano, kwamba mapatano yalikuwa ya propela moja, akaachia katikati.

Nyuma ya matete mwiko uliwekwa chini. Kuku waliingia uani, wakadonoa, wakatoka.

"Mkwe," ilisema sauti. Haikusema Kija, mwambie. "Umesema kweli, nami nimekusikia. Hiyo propela nzuri inavuta kuliko ile ya kwanza?"

"Inavuta, mayu."

"Mzigo mkubwa inauweza?"

"Inauweza. Hata kilo elfu, nadhani."

"Basi nina neno moja. Mimi sikusoma, na mashine siijui. Siku ile asubuhi, mwanangu amelala pale mbele, lori la kiwanda linakusubiri, na wewe una hiyo propela inayoweza kilo elfu. Ungepakia mia nane tu?"

Kija aliinamisha macho kwenye kiganja chake, ingawa namba zilikuwa zimeshafutika. Wajomba walitazama ardhi. Uani kinu kikasimama, na Nyanjige, aliyedhani anaitwa, akaja akasimama mlangoni akiwa na mchi mkononi, akawatazama watu wazima mmoja mmoja, akingoja nani atasema.